Mfuko wa kulalia katika nchi ya joto

Anayeijua Dubai ya Agosti tu atashangaa kukuta, katika maduka makubwa ya vifaa vya michezo mjini humo, mifuko ya kulalia iliyoandikwa nyuzijoto tano au kumi chini ya sifuri. Lakini wanunuzi wapo. Baadhi wanajiandaa kwenda Nepal, au Kilimanjaro, ambako ni mwendo wa saa tano na ushei kwa ndege. Wengine hawatoki hata nje ya Emirates. Kuanzia Novemba hadi Machi watu hupakia mahema garini wakaelekea jangwani, milima ya Hatta, au Jebel Jais kule Ras Al Khaimah, mlima ambao kilele chake kinapita mita 1,900. Theluji ilianguka huko mwaka 2009, na Februari 2017 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 2.2 chini ya sifuri. Aliyepanda na blanketi la nyumbani usiku kama ule hakupata usingizi.

Jangwani kwenyewe, hata bila mlima, baridi ya usiku huwashtua wageni. Hewa ni kavu na anga halina wingu, kwa hiyo jua likishazama, joto lililolundikana mchangani linaondoka lote bila kizuizi. Wenyeji walijikinga kwa farwa, joho zito lililotandikwa ngozi ya kondoo ndani, manyoya yakielekea mwilini. Jioni unalivaa ukiota moto, usiku unajifunika lilelile. Farwa zinauzwa Dubai mpaka leo kila msimu wa baridi ukiingia, nyingi sasa zikiwa na manyoya ya kiwandani. Zamani, hata hivyo, si kila Bedui alikuwa na uwezo wa kuwa nayo.

Mwingereza Wilfred Thesiger aliliona hilo. Huyu alizaliwa Addis Ababa mwaka 1910, na uzeeni aliishi miaka mingi Maralal, kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa Wasamburu. Watu wa Ghuba wanamkumbuka kwa jina la Mubarak bin London. Aliivuka Rub' al Khali, lile jangwa kuu la kusini mwa Arabuni, mara mbili katika misimu ya baridi ya 1946-47 na 1947-48, akiongozana na vijana kama Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha. Katika kitabu chake Arabian Sands, kilichotoka mwaka 1959, anawaeleza wenzake waliolala juu ya mchanga wa baridi kali wakiwa wamejifunika nguo nyepesi tu. Mwaka 1948 alifika Dubai, wakati huo mji mdogo uliojipanga kando ya hori lake, majahazi yakitia nanga mbele ya nyumba.

Ulaya ilikuwa na mifuko ya kulalia muda mrefu kabla ya hapo. Mpanda milima Francis Fox Tuckett alijaribu mmoja kwenye Alpi mwaka 1861: blanketi lililoshonwa, upande wa chini likiwa na kitambaa cha mpira cha kuzuia unyevu. Tajiri wa kwanza wa biashara hii, hata hivyo, ni Pryce Pryce-Jones, muuza vitambaa wa Newtown huko Wales, aliyekuwa akiuza flaneli na mablanketi kwa barua na katalogi kabla watu hawajazoea kununua kitu wasichokishika mkononi. Mwaka 1876 alisajili hataza ya bidhaa aliyoiita Euklisia Rug. Lilikuwa blanketi la sufu la kukunja na kufunga, na ndani yake mto wa mpira wa kujaza upepo. Jeshi la Urusi, lililokuwa likipigana na Waturuki, liliagiza 60,000. Kisha mji wa Plevna ukaanguka Desemba 1877, oda ikafutwa, na mfanyabiashara akabaki na mifuko 17,000 asiyokuwa na wa kumpa. Aliibandika kwenye katalogi yake kama malazi ya bei nafuu, nayo ikaenda hadi kwa watu wa porini Australia. Naona hapo ndipo mfuko wa kulalia ulipotoka mikononi mwa askari na wapanda milima ukawa kitu cha mtu yeyote.

Kilichofuata ni vita dhidi ya maji. Julai 1911, katikati ya giza la majira ya baridi ya Antaktika, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard waliburuta sileji hadi Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini. Walilala katika mifuko ya ngozi za kulungu wa nchi za baridi. Kila usiku jasho na pumzi zao ziliingia kwenye ngozi zikaganda humo, na asubuhi hapakuwa na jua la kuianika. Mfuko wa Cherry-Garrard ulianza safari ukiwa na uzito wa kilo 8 hivi. Uliporudi, majuma matano baadaye, ulikaribia kilo 20, na hiyo ziada ilikuwa barafu. Jioni walilazimika kujisukumiza ndani kidogo kidogo, miguu ikiyeyusha njia.

Anayekwenda kulala jangwani Dubai anaweza kucheka akisoma habari hizo, lakini asicheke sana. Ghuba iko jirani, na alfajiri nyingi za Desemba na Januari ukungu hutanda mpaka mbali bara. Hema huamka limelowa umande ndani na nje. Mfuko uliojazwa manyoya laini ya bata ni mwepesi na hukunjwa ukawa mdogo kabisa, ila ukilowa manyoya yanashikamana, hewa inatoka, na joto linakwenda nayo. Nyuzi za kiwandani ni nzito zaidi na hujaza begi, lakini zikilowa hazikutupi kabisa. Kwa jangwa la pwani mimi ningechukua za kiwandani bila kusita. Manyoya ningeyaweka kwa ajili ya milima mikavu, kule ambako kila gramu inabebwa mgongoni.

Halafu kuna zile nambari za kwenye lebo, ambazo nazo zina historia. Kwa miaka mingi kila kiwanda kiliandika kilichotaka. Mwaka 2002 Ulaya ilitoa kiwango cha EN 13537, ambacho baadaye kiliingia katika kiwango cha kimataifa, ISO 23537. Maabara hulaza ndani ya mfuko sanamu ya mtu inayopashwa moto, yenye vipimajoto mwili mzima, kisha hukokotoa. Nambari ya kwanza, ya starehe, hukadiriwa kwa mwanamke wa kawaida anayelala amejilegeza. Ya pili, ya ukomo, kwa mwanamume aliyejikunyata. Ya tatu ni ya hatari: joto ambalo mtu anaweza kustahimili saa sita bila kufa, huku mwili wake ukiwa tayari umeanza kushindwa na baridi. Wauzaji wengine huitangaza hiyo ya tatu kwa herufi kubwa. Isome ya kwanza, hasa kama umezoea joto la pwani.

Hesabu zote hizo hudhani kuna godoro chini yako. Uzito wa mwili hukandamiza kijazo cha upande wa mgongoni, kwa hiyo bila mkeka mnene wa sponji au godoro la upepo ardhi itakunyonya joto hata ukiwa ndani ya mfuko wa bei ya kutisha. Wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua hili kuliko wateja wao. Wao hubeba mifuko ya wageni hadi kambi zilizo juu ya mita 4,600, na wengi wao walikuwa wakipanda na nguo zisizotosha. Ndiyo sababu Kilimanjaro Porters Assistance Project ilianzishwa Moshi mwaka 2003, ikiwaazima nguo za baridi bila malipo.

Ukirudi Dubai, uanike mfuko wako kivulini mpaka ukauke kabisa, kisha uutundike kabatini ukiwa umelegea. Ukiuacha umebanwa ndani ya buti la gari hadi Julai, msimu ujao utaukuta umelala bapa, na nambari ya kwenye lebo haitakuwa kweli tena.