Nyumba ya Masisi katika Picha Nyeusi na Nyeupe

Nyumba ya miti, udongo na majani haiachi magofu. Kwa hiyo mwanahistoria wa maisha ya nyumbani katika Kivu hulazimika kutegemea, pamoja na masimulizi ya wazee, picha zilizopigwa wakati wa ukoloni. Je, zinamshuhudia nini mtu wa Ngungu, katika eneo la Masisi?

Casimir Zagourski, Mpoland aliyefika Léopoldville mwaka 1924, aliuza postikadi katika mfululizo uitwao "L'Afrique qui disparaît", yaani Afrika inayotoweka. Jina hilo lilikwisha kuamua kitakachopigwa picha: misuko ya nywele, chale, mapambo. Mafiga na kitanda havikupewa nafasi kubwa. Katika miaka ya 1950 wapiga picha wa serikali, wa Congopresse na kisha Inforcongo, waliingia ndani ya nyumba, lakini hasa za wale waliohesabiwa na wakoloni kuwa wamestaarabika: meza yenye kitambaa, redio, cherehani. Joseph Makula, Mkongo aliyeajiriwa huko mwaka 1956, naye alifanya kazi ndani ya mpaka huo. Nyingi za picha hizo zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji.

Kati ya nyumba inayotoweka na nyumba ya mfano, Masisi ilikosa mahali. Kuanzia 1937 hadi 1955 Wabelgiji waliwahamishia Gishari, katika ardhi ya Wahunde, makumi ya maelfu ya Wanyarwanda. Boma lililojengwa na mhamiaji wa kwanza lilikuwa na miaka mitatu tu mwaka 1940. Likiandikwa "nyumba ya kimila", mtazamaji ataliona la tangu jadi, na mwenyeji aliyepisha ardhi hatamwona kabisa. Jambo hili si dogo. Vita vilipozuka Walikale mwaka 1993 na kuenea Masisi, hoja mojawapo ilikuwa nani mwenyeji, na nyumba zilichomwa.

Kwa mtu wa isimu kuna kasoro nyingine, nayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi: maelezo ya chini ya picha hutaja kabila na mahali, mara chache jina la kifaa. Chombo cha maziwa cha mti wa kuchonga, ambacho Wanyarwanda hukiita icyansi, hubaki "chombo" tu. Majina hayo wazee bado wanayo. Nakala za picha zingepelekwa kijiji kwa kijiji, na jina la Kihunde na la Kinyarwanda yakaandikwa kwenye karatasi moja.