Kura Zisizofika Elfu Nne

Katika miaka ya chama kimoja niliitwa mara kadhaa kusaidia kuhesabu kura, kama ilivyokuwa desturi kwa sisi walimu wa Tanzania. Mgombea urais alikuwa mmoja, na mpiga kura alitakiwa kusema Ndiyo au Hapana. Usiku, kwa mwanga wa karabai, tulizipanga karatasi mafungu mawili. Fungu la Ndiyo lilikuwa kichuguu. La Hapana liliweza kushikwa kwa vidole viwili. Za nani? Haikutuhusu. Lakini njiani nikirudi nyumbani nilijiuliza: mtu huyu amekasirishwa na nini? Bei ya sukari? Ndugu yake aliyenyimwa kazi? Karatasi ilikuwa bubu.

Swali hilo hunirudia kila nisomapo habari za Wamarekani wachache waliomkasirikia Rais Richard Nixon mwaka 1971. Hao hawakuwa bubu. Walisema waziwazi kilichowaudhi, wakapiga kura ambayo walijua haitashinda. Nimekuwa nikijiuliza kama walipoteza muda wao.

Nixon alikuwa wa chama cha Republican, chama kilichojinadi kuwa mtetezi wa biashara huria. Mwaka 1968 alipogombea, wengi walioamini kwamba mkono wa serikali usiingie mfukoni mwa raia walimpa kura zao kwa matumaini. Tena walikuwa na sababu. Mwaka 1942, wakati wa vita, Nixon kijana alifanya kazi katika ofisi ya serikali mjini Washington iliyosimamia bei na mgao wa bidhaa, na baadaye alikuwa akisimulia jinsi kazi ile ilivyomfanya asiipende kabisa njia hiyo. Miongoni mwa waliompa ushauri alikuwamo Milton Friedman, mwanauchumi mashuhuri wa soko huria. Nani angedhani kwamba mtu huyo ndiye angekuja kupanga bei za dukani?

Lakini urais una mashaka yake. Kufikia mwaka 1971 bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka, wasio na kazi walikaribia asilimia 6, vita vya Vietnam vilikuwa vikila fedha, na dola zilizokuwa mikononi mwa nchi za nje zilikuwa nyingi kuliko dhahabu iliyowekwa kuzidhamini. Na uchaguzi wa 1972 ulikuwa ukibisha hodi. Nixon na washauri wake wakajifungia Camp David mwisho wa juma. Jumapili jioni, tarehe 15 Agosti 1971, akalitangazia taifa katika televisheni kwamba bei, mishahara na kodi za nyumba hazitapanda kwa siku 90. Kwamba bidhaa nyingi kutoka nje zitatozwa ushuru wa ziada wa asilimia 10. Na kwamba serikali za kigeni hazitaweza tena kubadilisha dola zao kwa dhahabu kwa dola 35 kwa wakia.

Kesho yake soko la hisa la New York lilipanda kwa kishindo, na wananchi wengi walishangilia. Hapo ndipo ulipo uchungu wa mtu ninayemzungumzia. Kuvunjwa moyo na kiongozi uliyemchagua ni jambo moja. Kuvunjwa moyo huku jirani zako wote wakipiga makofi ni jambo jingine.

Hoja yake ilikuwa nini? Alisema kwamba bei ni habari. Nyama ikipanda bei, mfugaji huambiwa aongeze ng'ombe, na mama huambiwa leo apike maharage. Serikali ikiikataza bei isipande, haijaondoa uhaba. Imelibandua tu tangazo la uhaba ukutani. Zaidi ya hayo, alisema, watu wazima wawili wakipatana bei bila kudanganyana wala kulazimishana, serikali inaingia kati kama nani?

Shida ilikuwa aende wapi. Wapinzani wa Nixon, chama cha Democratic, ndio waliokuwa wengi katika Bunge lililompa rais mamlaka hayo kwa sheria ya mwaka 1970. Na mgombea wao wa 1972, George McGovern, alianza kampeni na mpango wa serikali kumpa kila Mmarekani dola 1,000 kwa mwaka, ingawa baadaye aliuacha. Kwa mtu wa imani ile, kumkimbia Nixon na kumwendea McGovern kulikuwa ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Basi tarehe 11 Desemba 1971, huko Colorado, kijana aliyeitwa David Nolan na wenzake wachache walianzisha chama chao, wakakiita Libertarian, yaani chama cha wenye kuuweka mbele uhuru wa mtu binafsi. Katikati ya mwaka 1972 walikutana Denver wakamteua John Hospers, profesa wa falsafa wa California, agombee urais, na Tonie Nathan, mwanamke kutoka Oregon, awe mgombea mwenza. Majina yao yaliandikwa katika karatasi za kura za majimbo mawili tu, Colorado na Washington. Kura walizopata hazikufika 4,000, kati ya zaidi ya milioni 77 zilizopigwa nchi nzima. Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50.

Hata hivyo lilitokea jambo dogo la kukumbukwa. Marekani, rais huchaguliwa hatimaye na wajumbe maalumu 538. Mjumbe mmoja wa Virginia, Roger MacBride, aliyetarajiwa kumpa Nixon kura yake, aliwapa Hospers na Nathan. Hivyo Tonie Nathan akawa mwanamke wa kwanza katika historia ya nchi ile kupata kura ya mjumbe wa uchaguzi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwanzoni mwa 1973 masharti yalilegezwa, bei za vyakula zikaruka, na mwezi Juni Nixon akazifunga tena kwa siku 60. Wafugaji wakawazuia ng'ombe wao wasiende machinjioni. Huko Texas vifaranga kwa maelfu walizamishwa majini, kwa kuwa chakula cha kuku kiligharimu kuliko bei iliyoruhusiwa kuwauza, na Wamarekani wakayaona hayo katika televisheni zao. Masharti mengi yaliondolewa Aprili 1974, na mwaka huo bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 10. Yale ya mafuta yaliendelea, mengine hadi Januari 1981. Nixon mwenyewe, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1978, alikiri kwamba uamuzi ule uliwafurahisha watu kwa muda mfupi, lakini haukuwa sahihi.

Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi nasi tuliunda Tume ya Bei mwaka huohuo wa 1973. Nikiwa mwalimu mkuu nilibeba vibali vya sukari na sabuni za wanafunzi wa bweni kutoka ofisi hii hadi ile. Nimeziona foleni ambazo mawe yalipangwa badala ya watu, kila jiwe na mwenyewe. Bei iliyoandikwa ukutani ilikuwa nzuri sana. Bidhaa ndiyo haikuwapo, ila uani, kwa bei ya kuruka. Katika hili Wamarekani wale walisema kweli.

Lakini sitaki kuwafanya manabii. Namkumbuka pia mhudumu wa shule yetu, mjane mwenye watoto watano, siku aliyopata kilo yake ya sukari kwa bei ya serikali. Mlanguzi asingempa hata kijiko. Anayesema bei iachwe huru anadaiwa jibu kuhusu mama huyo, na jibu ninalolisikia kila mara, kwamba soko likiachwa bidhaa zitajaa, ni la kweli, ila haliji jioni ile watoto wanapolia.

Basi walipoteza muda wao? Nadhani hapana. Kura zao hazikumwondoa Nixon, wala hazikushusha bei ya kilo moja ya nyama. Lakini ziliambatana na sababu. Wengine walipokuja kuuliza ni nani aliyeonya wakati wa shangwe, jibu lilikuwa limeandikwa, na mwenye kutaka kubishana nalo aliweza kubishana.

Zile karatasi zetu za Hapana nilizifunga kwa uzi nikazikabidhi. Pengine mmoja wa wenye karatasi zile alijua tunakosea wapi. Hatukuwa tumemwachia nafasi ya kusema.