Sheria Iliyofunga Mlango wa Korti

Wasee wa Migwani, ukitoka hapa ukashuka mashariki, Kitui inaisha na Tana River inaanza. Watu wa huko walifungiwa mlango wa korti na sheria ya Kenya yenyewe. Shuleni hii tuliirukia.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1963 tunapata uhuru, na Wasomali wengi wa kaskazini wanataka kujiunga na Somalia. Vita vya Shifta vinaanza. Serikali inatangaza hali ya hatari, inawakusanya wafugaji kwenye vijiji vya kulazimishwa, mifugo inakufa na mingine inauawa. Waborana wa Isiolo huuita wakati huo Gaaf Daaba, yaani siku za kusimamishwa. Makubaliano ya Arusha yanafanywa Oktoba 1967.

Sasa cheki hii. Mwaka wa 1970 Bunge linapitisha Indemnity Act. Inasema huwezi kushtaki afisa wala askari kwa alichofanya kwa "nia njema" akilinda usalama kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Wapi? Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ukiuliwa baba, ukachomewa boma, korti ndiyo hiyo, lakini usibishe hodi.

Miaka miwili baadaye, 1972, Kenya hiyo hiyo inakubali mkataba wa UN wa haki za kiraia na kisiasa. Kifungu cha 2 kinasema aliyekiukwa haki apate fidia ya kweli, hata kama aliyemkosea ni mtu wa serikali. Mkono mmoja unaahidi, mwingine unafunga.

Linganisha na Mau Mau. Wazee wetu walimshtaki Mwingereza London, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Mkoloni alishtakiwa kwake. Askari wetu je?

Mwaka wa 2010 Bunge letu lilipitisha mswada wa kuifuta sheria hiyo, Rais Kibaki akakataa kuutia saini. 2015 Rais Uhuru akaomba radhi na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 ya waathiriwa wa dhuluma za zamani.

Mtaniambia, "Hiyo ni shida ya Wasomali." Apana. Wakamba tumejaa jeshini tangu enzi za KAR. Wengine wa babu zetu walikuwa ndani ya hizo sare. Kwa hivyo ukweli wa kaskazini ni wetu pia, na mzee wa Garissa akidai haki, asionekane adui.