Vizio 992: Kielelezo cha Kompyuta na Nadharia ya Mawimbi Mengi ya Moyo

Mwaka 1964, Gordon Moe, Werner Rheinboldt na J. A. Abildskov walichapisha nchini Marekani kielelezo cha kompyuta kuhusu mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, yaani hali ambayo misuli ya vyumba hivyo hutetemeka ovyo badala ya kujikaza kwa pamoja. Kabla ya hapo, Moe alikuwa amependekeza kwamba hali hiyo hudumishwa na mawimbi mengi ya umeme yanayozunguka, kugawanyika na kuzaliana. Kwa kuwa mawimbi hayo hayakuweza kufuatiliwa yote kwa pamoja katika moyo wenyewe, hoja hiyo ilijaribiwa kwa hesabu.

Kielelezo kilikuwa na vizio 992. Kila kizio kilichosisimuliwa kilihitaji kupumzika kabla ya kusisimka tena, na muda wa mapumziko ulitofautiana baina ya vizio. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi nzima. Wimbi lilipofika penye vizio ambavyo havijamaliza kupumzika, lilikatika. Vipande vyake vilipinda na kurejea vilikotoka. Msukosuko ukaendelea wenyewe bila kichocheo kipya.

Athari yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1985, Maurits Allessie na wenzake walipima umeme katika mioyo ya mbwa kwa elektrodi nyingi, wakabaini mawimbi kati ya 4 na 6 kwa wakati mmoja. Mwaka 1987, daktari mpasuaji James Cox alianza kuwatibu wagonjwa kwa kukata na kushona vyumba vya juu, ili makovu yasiyopitisha umeme yayanyime mawimbi nafasi ya kuzunguka.

Hata hivyo, katika kielelezo, msukosuko ulianzishwa na watafiti wenyewe. Swali la nini huuanzisha ndani ya mgonjwa lilibaki nje ya hesabu. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walichunguza wagonjwa 45 na kubaini vyanzo 69 vya mapigo ya ghafla. Asilimia 94 vilikuwa ndani ya vena za mapafu. Tangu hapo, kuzitenga vena hizo kumekuwa msingi wa tiba ya kuchoma tishu.

Kwa hiyo, kielelezo cha 1964 kilithibitisha kwamba mawimbi mengi yanatosha kuudumisha mtetemo. Hakikuthibitisha kwamba ndiyo yanayouanzisha, na kwa mgonjwa tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mahali pa kutibiwa.