Ndiva ya Maneno: Historia Fupi ya Kunakili Tovuti

Katika lugha ya Chasu, ambayo wengi huiita Kipare, liko neno ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukingia maji ya mfereji. Maji huingia humo usiku, wakulima wakiwa wamelala. Kukicha hufunguliwa, yakashuka mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo, iliyoko Bangalala wilayani Same, ni mojawapo ya zile zinazofahamika. Ninaanza na neno hili kwa kuwa sijapata jingine linaloeleza vyema zaidi kazi ninayotaka kuisimulia: kazi ya kukinga kurasa za mtandao katika faili, zipate kusomeka hata chemchemi yake ikikauka.

Kukinga maneno hakukuanza na kompyuta. Katika miaka ya 1960 Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwenyewe Mpare, alikusanya masimulizi ya wazee wa milima hii, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare. Mwaka 1971 akafuatisha kijitabu juu ya Mbiru, yale mapambano ya kodi yaliyowaleta maelfu ya watu hapa Same mwaka 1945. Kwa upande wa washairi tunao mfano wa Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki mnamo 1840, na tungo zake zilibaki zaidi vinywani mwa watu. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor walizikusanya na kuziandika. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani. Lau Sikujua angengoja miaka ishirini zaidi, leo tungekuwa na jina la Muyaka na beti chache tu.

Mtandao ulipoenea, kazi ileile ilidai chombo kipya. Mwaka 1996 Hrvoje Nikšić wa Kroatia alitoa programu iitwayo Wget. Mwaka huohuo Brewster Kahle alianzisha Internet Archive huko San Francisco, na tangu 2001 yeyote anaweza kusoma nakala zake kwa njia ya Wayback Machine. Mwaka 1998 Mfaransa Xavier Roche akatoa HTTrack.

Utendaji wa Wget na HTTrack ni mwepisi kueleza. Unaipa programu anwani moja. Inapakua ukurasa ule, inasoma viungo vilivyomo, inavifuata kimoja baada ya kingine hadi mpaka uliouweka, kisha inapanga maandishi na picha katika folda. Ukiiagiza, hubadilisha pia viungo ili vielekee kwenye faili zilizomo ndani ya kompyuta yako. Hatua hiyo ndiyo niithaminiyo kuliko zote. Tungo nyingi za Muyaka ni za kujibizana, na desturi hiyo ingali hai. Mshairi akiuliza katika ukurasa mmoja na mwenzake akajibu katika mwingine, kiungo ndicho uzi wa malumbano yao. Nakala iliyokata uzi hutuachia jibu lisilo na swali.

Ukame wenyewe tumekwisha kuuona. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida yakaondolewa. Sehemu kubwa iliokolewa na watu waliojitolea kunakili kabla ya siku ya mwisho. Kwetu Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kukata leseni, na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Baadhi yao waliacha kuandika, wengine wakafunga kurasa. Zaidi ya hayo kuna vifo visivyo na kelele: anwani isiyolipiwa, mwenye tovuti kufariki, nywila kusahauliwa. Mashairi ya Kiswahili yaliyochapwa kwenye skrini pekee hayana maktaba ya kijiji ya kuyatunza.

Hata hivyo programu haijui kila kitu. Haiingii penye kufuli, wala haitambui kama mtunzi ameridhia utungo wake uchukuliwe. Ndiyo sababu mimi hufuata utaratibu wa wakusanyaji wa masimulizi: katika kila folda ninaweka faili ndogo yenye jina la mtunzi, anwani ya ukurasa, tarehe ya kunakili, na neno la ruhusa kama nimelipata. Masimulizi yasiyojulikana yalitoka kwa nani humpa mwanahistoria shida. Shairi lisilo na jina wala tarehe litampa shida iyo hiyo mhakiki wa kesho.

Wapare wana neno jingine, msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kama ile ya kuzoa tope ili ndiva isijae mchanga. Nakala nazo zinahitaji mikono mingi: diski huharibika, na nakala moja iliyo kwa mtu mmoja ni akiba dhaifu. Basi, ndugu washairi, kila mmoja wetu na achague tovuti moja aipendayo, amwombe mwenyewe ruhusa, ainakili, kisha ampe mwenzake nakala ya pili. Maji hukingwa yangali yakitiririka.