Idhini na Ridhaa: Mafunzo ya Jaribio la Kigugumizi la Iowa, 1939

Historia ya kuwalinda watoto katika utafiti aghalabu husimuliwa kama historia ya madawa na sindano. Masimulizi ya namna hiyo yana hatari moja kwetu sisi wanaisimu: yatufanya tudhani kwamba jambo lenyewe ni la matabibu, nasi ambao kifaa chetu ni neno tu, hatuna la kujibu. Makala haya yakusudia kuonyesha kinyume chake. Mojawapo ya majaribio yaliyokuja kulaumiwa sana katika karne ya ishirini lilifanywa kwa maneno matupu, nalo lilihusu usemi wa watoto.

Mnamo mwaka wa 1939 Wendell Johnson alikuwa mtaalamu wa matatizo ya usemi katika Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Nadharia iliyomjia ni kwamba kigugumizi hakianzii kinywani mwa mtoto bali sikioni mwa mzazi: mtoto husitasita kama wasitasitavyo watoto wote, mzazi humwita mwenye kigugumizi, na jina lile humtia hofu mpaka akawa kweli mwenye kigugumizi. Ili kuipima nadharia hiyo, mwanafunzi wake wa uzamili, Mary Tudor, alipelekwa kwenye nyumba ya mayatima katika mji wa Davenport. Nyumba hiyo ilikuwa imeanzishwa kwa ajili ya mayatima wa askari, na watafiti wa chuo walikwisha kuzoea kufanya kazi zao humo.

Watoto 22 walichaguliwa. Kumi walikuwa wamehesabiwa kuwa na kigugumizi, na 12 walisema kama kawaida. Kuanzia Januari hadi Mei mwaka huo, sita miongoni mwa hao 12 walielezwa kwamba usemi wao una kasoro, kwamba dalili za kigugumizi zimewaingia, na kwamba ni afadhali wanyamaze kuliko kusema vibaya. Walezi wao nao walielezwa hivyo hivyo, wakaombwa kuwarekebisha kila waliposita. Hakuna aliyewaambia watoto kwamba lile lilikuwa jaribio. Wao walidhani kwamba wanasaidiwa.

Matokeo yaliandikwa katika tasnifu ya Tudor mwaka ule ule. Watoto kadhaa waliingiwa na haya, wakapunguza maneno, wakawa wanajichunga kila walipofungua kinywa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Watoto hawa walifundishwa kuamini kwamba ulimi wao ulikuwa umejikwaa ilhali ulikuwa mzima. Tudor mwenyewe hakuridhika, kwani baada ya jaribio kwisha alirudi Davenport kujaribu kuyaondoa aliyokuwa ameyapandikiza. Tendo hilo latutosha kuijibu hoja ya wale wasemao kwamba hayo yalikuwa desturi ya wakati wake. Desturi ilikuwapo, na dhamiri nayo ilikuwapo.

Tasnifu haikuchapishwa katika jarida lolote, ilikaa maktabani. Mwaka 1988 Franklin Silverman aliwakumbusha wataalamu habari zake kwa jina ambalo wenzake Johnson walikuwa wamelipa jaribio hilo, yaani utafiti wa zimwi. Mwaka 2001 gazeti moja la California lilizifichua kwa umma, na chuo kikaomba radhi. Mwaka 2007 jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kwa waliodai fidia, baadhi yao wakiwa warithi wa waliokwisha kufariki.

Kati ya matukio hayo, Nicoline Ambrose na Ehud Yairi walizichambua upya takwimu za Tudor. Katika makala yao ya mwaka 2002 walionyesha kwamba hazithibitishi kuwa mtoto yeyote alifanywa kuwa na kigugumizi. Uchambuzi huo ni muhimu kwa nadharia, lakini hauliondoi kosa. Swali si kama watoto walipata kigugumizi au hawakupata. Swali ni kama waliulizwa.

Hapa lugha yetu ina la kuchangia. Maneno idhini na ridhaa mara nyingi twayatumia kama visawe. Hata hivyo, idhini hutolewa na mwenye mamlaka, na ridhaa hutoka moyoni mwa yule atakayetendewa. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilidai ridhaa ya mtu mwenye uwezo wa kisheria, zikawaacha watoto nje. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lilimruhusu mlezi aseme kwa niaba yao. Ilikuwa hadi mwaka 1983 ndipo kanuni za serikali ya Marekani kuhusu watoto zilipotenganisha ruhusa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe, zikaongeza kwamba kunyamaza kwake bila kukataa si kukubali. Tofauti iliyochukua miaka 36 kuandikwa katika sheria za watu ilikuwa tayari imo katika msamiati wetu. Kule Davenport wakubwa walifungua mlango. Ridhaa ya watoto haikutafutwa na mtu.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo limhusulo, na sheria ya mwaka 2013 yamtaka mtafiti awe na leseni. Lakini leseni ni idhini, na barua ya mwalimu mkuu ni idhini. Mwanafunzi wetu aendaye shuleni kurekodi makosa ya sarufi ya watoto wa darasa la tatu huenda akawa na karatasi zote hizo, na bado hajamwuliza mtoto hata mmoja kwa lugha aielewayo. Tena, akishamwita mtoto mbele ya wenzake na kulitaja kosa lake, amekwisha kumpa jina. Hatuna budi, basi, kumfundisha mwanafunzi huyo kabla hajatoka chuoni kwamba kazi yake haianzi anapowasha kinasa sauti, bali anapomwuliza mtoto, akangoja, na akawa tayari kurudi mikono mitupu.