Mlango uliofungwa kwa kuogopa mwizi

Mwaka 1913 kiwanda kimoja cha nguo mjini New York kilikutwa na mlango uliofungwa kwa mnyororo saa za kazi, wafanyakazi wakiwa ndani. Mwenye kiwanda alipelekwa mahakamani, akatozwa faini ya dola 20, akalipa na kurudi kwenye shughuli zake. Jina lake Max Blanck, na halikuwa jina geni jijini humo. Tarehe 25 Machi 1911, moto ulikuwa umeua watu 146 katika kiwanda chake cha Triangle, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano, na mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Blanck mwenyewe siku hiyo alikuwa ghorofa ya kumi pamoja na binti zake. Waliponea juu ya paa.

Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake anafungaje mlango tena?

Ni kwa sababu ya wizi. Blanck na mshirika wake, Isaac Harris, waliamini kwamba wasichana wao walikuwa wakiondoka na blauzi mikobani. Basi jioni wote walitokea mlango mmoja, wakipekuliwa mmoja mmoja. Kesi iliposikilizwa, Harris aliulizwa thamani ya vitu vilivyowahi kuibwa. Alikiri kwamba haizidi dola 25. Sheria ya kazi ya New York ilikuwa tayari inakataza kufunga milango ya kiwanda saa za kazi, hivyo hakukuwa na pengo lolote la kisheria la kulaumiwa. Hata hivyo wawili hao waliachiwa huru, kwa kuwa baraza la wazee wa mahakama halikuridhika kwamba walijua mlango umefungwa saa ile ile moto ulipowaka. Mwaka 1914 familia zilizofungua madai zililipwa dola 75 kwa kila marehemu.

Na Triangle haukuwa wa kwanza. Tarehe 30 Desemba 1903, mjini Chicago, ukumbi wa maonyesho wa Iroquois ulikuwa na wiki tano tu tangu ufunguliwe, ukitangazwa kuwa ni jengo lisiloungua hata kidogo. Ilikuwa mchana wa likizo, umefurika akina mama na watoto, wengine wamesimama kwa kukosa viti. Taa moja ya jukwaani ilirusha cheche, zikadaka pazia. Zimamoto wa ukumbi alikuwa na mikebe ya unga wa kurusha kwa mkono, ilhali moto umeshapanda juu asikoweza kuufikia. Pazia kubwa la kukinga moto liliposhushwa lilikwama njiani. Matundu ya kutolea moshi kwenye paa la jukwaa yalikuwa yamezibwa, na waigizaji walipofungua mlango mkubwa wa nyuma ili wakimbie, upepo uliingia kwa kishindo ukausukuma moto chini ya pazia hadi kwenye roshani walikoketi watu wa tiketi za bei nafuu.

Huko juu ndiko walikofia wengi. Ngazi zilikuwa na mageti ya chuma yaliyofungwa kwa kufuli wakati wa onyesho, ili aliyelipa kidogo asiteremke kukalia kiti cha aliyelipa zaidi. Milango mingine ilifichwa nyuma ya mapazia ya urembo, na mingine ilikuwa na vitasa vya aina ambayo mtu wa kawaida hakuwahi kuiona, achilia mbali kuifungua gizani huku akisukumwa na umati. Waliokufa walikuwa 602. Siku za kabla ya hapo nahodha wa zimamoto alikuwa amelikagua jengo, akaona upungufu wa vifaa, na ukumbi ukaendelea kuuza tiketi. Kesi ziliburutwa hadi 1907, na wenye ukumbi hawakupatikana na hatia.

Kilichobaki kikiwa na faida kilitoka kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Indianapolis, Carl Prinzler, aliyekuwa amepanga kuhudhuria onyesho lile akazuiwa na shughuli za kazi. Yeye na mhandisi Henry DuPont walitengeneza upau wa chuma unaokatiza mlango kwa ndani, usawa wa kiuno. Anayekimbia hahitaji kutafuta kitasa wala kujua kinavyozungushwa; mwili wake ukiugonga upau, komeo linaachia na mlango unafunguka kwa nje. Kwa aliye nje, mlango unabaki umefungwa. Upau huo uliingia sokoni mwaka 1908, miaka mitatu kabla ya Triangle kuungua.

Kwetu, Wanairobi hawajaisahau Januari 28 ya mwaka 2009, duka la Nakumatt Downtown lilipowaka mchana kweupe, katikati ya jiji, mitaa michache tu kutoka kituo kikuu cha zimamoto. Watu zaidi ya 20 walikufa. Walikuwapo walionusurika waliodai kwamba milango ilifungwa kuzuia uporaji; wenye duka walikanusha. Mabishano hayo hayajawahi kunishangaza. Kinachonishangaza ni kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei tu, na ndani yake imeandikwa kwamba mtu akiwa kazini mlango usifungwe kwa namna itakayomzuia kuufungua mara moja kutoka ndani. Kanuni za kupunguza hatari za moto nazo zilikuwa zimechapishwa mwaka huo huo wa 2007.

Ingia leo kwenye jengo lolote la vibanda vya nguo na simu, Nairobi au Kariakoo, upande mpaka ghorofa ya tatu ukaulize mlango wa dharura uko wapi. Mara nyingi utaonyeshwa geti lenye kufuli na marobota yamerundikwa mbele yake, na ufunguo, utaambiwa, uko kwa mlinzi. Mlinzi yuko chini. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile la Harris, na si la uongo: mali huibwa kweli. Lakini upau wa Prinzler siku hizi huuzwa ukiwa na kengele ndani yake, ukisukumwa tu inalia jengo zima likasikia. Mwizi anayetoka na kengele ikilia hafiki mbali.